Kamera Inayoona Jeraha la Embe Kabla ya Jicho

Embe likianguka wakati wa kuchumwa, ganda huweza kubaki zuri ilhali seli za ndani zimepasuka na maji yake kuvuja. Siku chache baadaye doa jeusi hutokea, na mnunuzi hulikataa.

Wataalamu hutumia kamera maalumu kugundua jeraha hilo mapema bila kulikata tunda. Jicho la binadamu huona mwanga wa takriban nanomita 400 hadi 700. Kamera hii hupima mwanga wa infraredi, unaozidi kipimo hicho, unaporudi kutoka kwenye tunda. Kwa kuwa maji hufyonza mwanga huo, sehemu iliyopondeka huonekana nyeusi zaidi pichani. Eksirei nayo huweza kumfichua mdudu aliyejificha ndani ya kokwa.

Hata hivyo, kamera hutenga tunda lililoumia, haliponyi. Wakulima wanashauriwa wasitikise miti, wachume kwa mkono au kwa kichumio chenye mfuko, wapange maembe kwenye kreti badala ya magunia, na wayaweke kivulini. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Na embe ni vivyo hivyo.