Hatujauguza mwaka mzima, bima ya nini?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mkulima wa mahindi na ufuta hapa Handeni. Nina mke, watoto watatu, na tunaishi na mama yangu mzazi. Tangu mwaka uanze hatujalaza mtu hospitali, alhamdulillahi. Ufuta umelipa, nataka kiwanja Korogwe. Mke wangu anasema kwanza tusome dua ya shukrani, kisha tukate bima ya afya. Mimi naona bima ni kujiombea maradhi. Nani yuko sahihi?
Baba Watatu, Handeni

Marahaba, mwanangu. Mkeo.

Mahindi yako unayatia dawa kabla hujayafungia ghalani, na sijasikia mtu akikuambia unamwita dumuzi. Hapo Korogwe unapotaka kujenga, kama ilivyokuwa Bagamoyo, kati ya 2009 na 2014 watoto walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria, RTS,S. Wazazi walipeleka watoto wazima, wanaocheza. Walikuwa wakijiombea malaria? Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo.

Dua isomwe, tena pikeni pilau. Ila afya unayoishukuru kwa mdomo itengee na fungu, sasa hivi wakati fedha ya ufuta iko mkononi, maana mahindi yakiwa machanga utakopa hata nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali ya wilaya. Mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ulihesabu kaya ya watu sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Wewe, mkeo, watoto watatu na bibi yao: sita kamili. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha utaratibu, kaulize kiwango cha leo ofisi ya kijiji au zahanati, na uulize pia kadi inaanza kutumika lini.

Mama hukumtaja ila kwa kumhesabu. Lini alipimwa presha? Mtu anaweza kuwa nayo miaka akilima, akicheka na wajukuu, asijue. Mpeleke akiwa mzima, asikuambie "mie siumwi" ukakubali.

Kiwanja nunua, sikukatazi. Muuzaji akikuharakisha, mwache. Halmashauri ndiyo itakayokuambia kama eneo limepimwa.

Lakini kabla hujapanda gari la Korogwe, pita zahanati na mama.