Gari Linapokataa Kuwaka: Haki Zako Ukifungiwa Kipima-Pombe New York

Hakimu akishatoa hukumu ya kuendesha gari ukiwa umelewa katika jimbo la New York, una siku 10 za kazi kupeleka gari kwa fundi aliyeidhinishwa likafungwe kipima-pombe. Siku hizo ni chache, na wengi wetu huko Buffalo, Syracuse na Utica huzimaliza tukilalamika kwamba zilikuwa chupa mbili tu.

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Leandra, kwa jina la Leandra Rosado, msichana wa miaka 11 aliyefariki Oktoba 2009 ndani ya gari la mtu mzima aliyekuwa amelewa. Tangu tarehe 15 Agosti 2010, kila anayehukumiwa kwa kosa hilo lazima afungiwe kifaa, hata kama ndiyo mara yake ya kwanza. Kuendesha umelewa ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 16 garini ni kosa la jinai zito.

Anayeijua alcoblow ya polisi wa Nairobi asidhani hii ni ileile. Ile unakutana nayo barabarani usiku mmoja, yakaisha. Hii unaishi nayo. Ni kidude cha kushika mkononi, chenye mdomo wa kupulizia, kilichounganishwa na swichi ya gari. Kosa la ulevi linaanzia kiwango cha 0.08, lakini kifaa kinagoma kwenye 0.025. Kwa hiyo bia za jana usiku zinaweza kukuumbua saa kumi na mbili asubuhi ukiwahi zamu, nawe unajiona mzima kabisa. Ukishaondoka kitakudai upulize tena njiani, kwa wakati usioujua. Hakizimi injini gari likiwa kwenye mwendo. Ukikaidi, honi italia na taa zitawaka na kuzima, na kila kitu kitaandikwa kwenye kumbukumbu inayosomwa na msimamizi anayefuatilia hukumu yako.

Dawa ya kusukutua mdomo au ya kikohozi yenye alkoholi inaweza kukufelisha. Sukutua kwa maji, subiri dakika chache, kisha rudia palepale kifaa kinapokuruhusu. Usiondoke kwa hasira ukaacha rekodi inayosema umefeli, bila jaribio la pili la kuonyesha kwamba pombe ilikuwa ya mdomoni tu.

Mkeo naye akitaka kuendesha gari hilo, atapuliza. Hilo halina tatizo. Tatizo ni yeye kukupulizia wewe. Aliyeomba na aliyepuliza wote wanatenda kosa, na kifungo chake kinaweza kufika siku 364. Vifaa vingi vina kamera, hivyo usitegemee undugu. Ukiazima gari la rafiki, lazima umwambie kuhusu katazo lako la kuendesha gari lisilo na kifaa, na gari hilo nalo liwe nacho.

Gharama za kufunga na za kila mwezi ni zako, lakini hapa ndipo watu wanapopoteza haki yao kwa kunyamaza. Kama kipato hakitoshi, omba fomu ya kueleza hali yako ya fedha na uijaze kabla ya hukumu. Hakimu anaweza kukuruhusu ulipe kidogo kidogo au akusamehe gharama, na kampuni ya kifaa italazimika kukubali. Kazi ikiisha baadaye, rudi mahakamani useme. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1983 kwamba mtu hawezi kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kulipa, bila kuchunguzwa kama uwezo alikuwa nao.

Gari la kazini lina njia yake. Unaweza kuendesha gari la mwajiri lisilo na kifaa, ukiwa kazini, mradi mwajiri amearifiwa na wewe una karatasi ya kuthibitisha hilo garini. Kama kampuni ni yako, hata sehemu tu, nafuu hiyo haikuhusu. Madereva wa malori wasijidanganye: hukumu ya kwanza inakunyima leseni ya magari ya biashara kwa mwaka mmoja, ya pili inaweza kukunyima maisha yako yote, na kipima-pombe hakikurudishii hata siku moja.

Sasa lile ninaloliona zito kuliko kifaa chenyewe. Kama wewe si raia, usikiri kosa kabla hujamuuliza wakili litaathiri vipi ukaaji wako. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani iamue kesi ya Padilla mwaka 2010, wakili wa utetezi ana wajibu wa kukueleza hatari ya kufukuzwa nchini. Hukumu mbili za ulevi ndani ya miaka inayochunguzwa unapoomba uraia huchukuliwa kuwa dalili ya kukosa tabia njema, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo unakuwa wako. Muulize pia kama kosa linaweza kushushwa hadi lile dogo la kuendesha ukiwa umeathiriwa na pombe, ambalo kwa mara ya kwanza halilazimishi kifaa. Maswali haya yaulizwe kwa Kiswahili kama ndicho unachokimudu: mkalimani wa mahakama ni bure. Shemeji aliyekuja kukusindikiza akae kwenye benchi.

Ukituhumiwa kukiuka masharti, una haki ya kusikilizwa, na ya kupewa wakili kama huna fedha. Hapo risiti za fundi na picha ya ujumbe wa kifaa, yenye tarehe na saa, zina thamani. Betri hufa na waya hulegea; usipoenda kwa fundi siku hiyohiyo, ni vigumu kueleza wiki tatu baadaye.

Kipindi cha kawaida ni miezi 12 au zaidi. Ukithibitisha kwamba kifaa kimekaa garini angalau miezi 6, kinaweza kuondolewa, isipokuwa hakimu aliagiza muda mrefu zaidi. Usikifungue mwenyewe. Subiri ruhusa ya maandishi, mpelekee fundi, halafu uhakikishe katazo limefutwa kwenye leseni yako.