Dondoo Muhimu: Kuyahifadhi Masikio Ndegeni

Msafiri na afahamu kwamba adha ya masikio huzidi ndege inaposhuka kuliko inapopaa, kwa sababu hewa ya ndani, ambayo juu angani huwa hafifu mithili ya ile ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, hurejea kuwa nzito na kukisukuma kiwambo cha sikio, ilhali mrija mwembamba utokao sikio la kati hadi nyuma ya pua huwa umejifunga.

Tiba iliyo bora ni kumeza: nyonya peremende, kunywa maji kidogo kidogo, piga miayo, wala usilale ndege ishukapo. Mtoto mchanga anyonyeshwe saa hiyo hiyo.

Masikio yakiziba hata hivyo, bana pua, fumba kinywa, kisha sukuma pumzi puani taratibu hata usikie mlio mdogo sikioni, kama alivyoeleza tabibu Valsalva wa Italia mwaka 1704. Lakini tafadhali usitumie nguvu, kwani yaweza kulidhuru sikio.

Mwenye mafua makali ni aula aahirishe safari. Dawa za kuzibua pua zapatikana kwa mfamasia, ila mwenye shinikizo la damu amwulize kwanza. Sikio likitoka damu au usaha, mwone daktari bila kukawia.