Tairi Lenye Kashata Nzuri Laweza Kuwa Limezeeka

Wamiliki wengi wa magari hupima uzima wa tairi kwa jambo moja tu, nalo ni kina cha kashata. Kipimo hicho ni cha lazima, lakini hakitoshi. Mpira huzeeka hata tairi lisipotembea. Hewa, joto na jua huukausha na kuufanya mgumu, na mshikamano kati ya mpira na waya za ndani hulegea polepole. Ndiyo maana gari linalotoka nyumbani Jumapili tu laweza kuwa na matairi yenye kashata nene, nayo yakapasuka siku familia inaposafiri kwenda mkoani, gari likiwa limejaa watu na mizigo na lami ikiwa ya moto.

Katika somo hili tunaeleza mambo manne ambayo mtumiaji anaweza kuyakagua kwa macho yake mwenyewe, kabla ya safari au kabla ya kulipia tairi lililotumika.

Kwanza, soma umri. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT zikifuatwa na mfululizo wa herufi na tarakimu. Tarakimu nne za mwisho hueleza wakati tairi lilipotengenezwa: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 3517 ni wiki ya 35 ya mwaka 2017, yaani mwishoni mwa Agosti. Mara nyingi tarakimu hizo huwekwa upande mmoja tu. Usipoziona nje, angalia upande wa ndani. Zikiwa tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai kabisa.

Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka 6, na baadhi ya watengenezaji wa matairi huweka ukomo wa miaka 10, hata kama kashata bado zipo. Kwa kuwa joto huharakisha uzee wa mpira, tunakushauri ufuate miaka 6. Hesabu tangu tairi lilipotengenezwa, si tangu uliponunua.

Pili, kagua mpira. Tafuta nyufa ubavuni na katikati ya kashata. Ukiona uvimbe ubavuni, fahamu kuwa nyuzi za ndani zimekatika, usiliendeshee tena. Tairi linalong'aa kwa dawa lifute kwanza kwa kitambaa chenye maji, kwani weusi huo huweza kuficha nyufa.

Tatu, pima kashata. Chini ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira. Kashata zikilingana navyo, zimebaki milimita 1.6 tu, na tairi limekwisha. Jihadhari na tairi kipara lililochongwa mifereji upya: ukiona vinundu hivyo vimekatwa au mfereji umepita chini yake, usilinunue, kwa kuwa mpira uliobaki juu ya waya ni mwembamba mno. Kashata zilizolika upande mmoja tu ni dalili kuwa magurudumu hayakunyooka. Mpeleke fundi gari kabla ya kufunga tairi jingine.

Nne, usilisahau tairi la akiba. Kwa sababu halitumiki, hudhaniwa kuwa jipya, kumbe huenda lina umri sawa na gari lenyewe. Soma tarakimu zake na upime upepo wake pamoja na wa mengine, asubuhi kabla ya gari kutembea, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi lenye upepo pungufu hupata joto kali na kupasuka upesi.

Unaponunua, omba muuzaji aligeuze tairi uone pande zote mbili, kisha aandike tarakimu nne kwenye risiti. Akikataa, nenda duka jingine. Na tairi ulilolikataa usiliache gereji likiwa zima, maana laweza kufungwa katika gari la mwenzako. Likate ubavu kwanza. Baada ya hapo mafundi wa makatambuga watalipokea, na huko halitamdhuru mtu.