Dada, dhamira na ujumbe vina tofauti gani?

Wadogo zangu wa sekondari, swali hili mnaniuliza kila mitihani inapokaribia, na najua linatoka wapi. Mnakariri mno. Ukiamshwa usiku wa manane utataja vipengele vyote vya fani na maudhui bila kumeza mate, lakini ukiulizwa dhamira ya kitabu ulichomaliza juzi unaanza kusimulia hadithi nzima.

Tuchukue Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya ya Edwin Semzaba. Ngoswe, karani wa sensa, anatumwa kijijini kuhesabu watu. Huko anampenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, anatoroka naye, na mzee kwa hasira anazichoma karatasi za sensa. Mpaka hapo umesimulia tu, swali bado linakusubiri.

Dhamira ni jambo linalozungumziwa: uwajibikaji kazini. Litaje kwa maneno mawili matatu, inatosha. Ujumbe ni kile tunachoambiwa kuhusu jambo hilo, kwa hiyo lazima uwe sentensi kamili: mtumishi wa umma akitanguliza mapenzi, kazi ya taifa huharibika. Ukiandika "uwajibikaji" peke yake kwenye ujumbe, msahihishaji hana pa kukupa alama. Na mgogoro? Tafuta nani anavutana na nani, kisha useme wanavutania nini: Ngoswe na Mitomingi, chanzo ni Mazoea. Zile karatasi zilizoungua ndizo ushahidi wako. Zitaje, maana hoja isiyo na mfano kutoka kitabuni ni maneno matupu.

Muundo na mtindo visikusumbue. Muundo ni jinsi kazi ilivyopangwa: sura, maonyesho, beti, matukio yanayofuatana au yanayorudi nyuma. Mtindo ni namna mwandishi anavyoiwasilisha: kwa majibizano, barua, nyimbo, nafsi ya kwanza au ya tatu.

Tamathali za semi sasa. Kila mkiombwa mfano wa tashbiha mnaandika "Juma ni kama simba". Jamani, mwacheni Juma apumzike, amekuwa simba tangu enzi za wazazi wetu! Msichojua wengi ni kwamba "kama" haileti tashbiha kila inapoonekana. "Kama mvua ikinyesha, hatutoki" ni sharti tu. "Alialikwa kama mgeni rasmi" inataja wadhifa. "Maneno yake yalichoma kama pilipili", hiyo ndiyo tashbiha, kwa sababu vitu viwili tofauti vimefananishwa. Iondoe "kama", useme "maneno yake ni pilipili", umepata sitiari. Ukisema njaa ilibisha hodi, njaa imepewa mkono wa mtu, na hiyo ni tashihisi.

Kwenye ufahamu, mnapoteza alama za bure katika maana za maneno. Habari imesema bei ya unga imepaa, mtu anaandika "imeruka angani". Maana inayotakiwa ni ile iliyotumika katika habari. Chukua jibu lako, lirudishe kwenye sentensi ileile, usome. "Bei ya unga imeruka angani" inachekesha, "imepanda sana" inakaa vizuri. Swali likianza "kwa mujibu wa habari", maoni yako yaweke pembeni hata kama mwandishi amekuudhi. Na ukiambiwa utoe kichwa kisichozidi maneno matano, hesabu kabla ya kuandika, maana "na" nalo ni neno.