Kwa Nini Watu Hutegea Kazi ya Kikundi?

Kila semista ni yaleyale. Mnagawanywa vikundi vya watu kumi, asaimenti moja, maksi sawa kwa wote. Kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku huohuo, watu wanasalimiana vizuri, halafu kimya. Siku mbili kabla ya kukusanya, watatu wanakesha. Saba waliobaki wanaulizia tu: "Jina langu lipo?"

Tumezoea kusema hao saba ni wavivu, basi. Lakini wanaosoma saikolojia ya kazini wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka 100, na majibu yao yanatuhusu.

Kamba ya Ringelmann

Maximilien Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwapima watu wakivuta kamba. Matokeo aliyachapisha mwaka 1913. Tukichukua nguvu ya mtu akivuta peke yake kuwa asilimia 100, wakiwa wawili kila mmoja alitoa wastani wa asilimia 93. Watatu, 85. Wanane, 49 tu. Yaani watu wanane walifanya kazi ya wanne!

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni uratibu: watu hawavuti kwa wakati mmoja. Ya pili ni juhudi yenyewe kupungua. Hii ya pili ilionekana wazi mwaka 1979, pale Latané, Williams na Harkins wa Marekani walipowataka wanafunzi wapige kelele kwa nguvu zote. Walifungwa macho na kuvalishwa hedifoni. Mtu aliyeamini anapiga kelele pamoja na wenzake, kumbe yuko peke yake, bado alipunguza sauti. Hapo huwezi kusingizia uratibu.

Mwaka 1981 watafiti haohao walibadilisha kitu kimoja: wakawaambia washiriki kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa hata akiwa kwenye kundi. Kutegea kukaisha. Kwa hiyo tatizo si tabia ya mtu peke yake. Ni jinsi kazi ilivyopangwa.

Mizani ya Adams

Sasa wale watatu wanaokesha. John Stacey Adams, mwaka 1963, alieleza nadharia ya usawa: mtu hupima anachotoa na anachopata, kisha hujilinganisha na mwenzake. Akiona mizani imelala upande mmoja, hutafuta kuisawazisha. Anaweza kudai zaidi, kuondoka, au kupunguza bidii.

Hapo ndipo penye hatari. Norbert Kerr, mwaka 1983, alionyesha kwamba mtu hupunguza bidii akigundua mwenzake mwenye uwezo anambebesha mzigo. Hataki kufanywa mjinga. Kwa hiyo mtegeaji hapunguzi mikono yake tu, anatengeneza watega wengine. Muhula wa kwanza unakesha, wa pili unanung'unika, wa tatu na wewe unaulizia jina lako.

Tufanye nini?

Kwanza, kikundi kiwe kidogo. Wanne au watano wanatosha kwa asaimenti nyingi, na tuwaombe wahadhiri hivyo.

Pili, kila sehemu iwe na jina la mtu na siku ya kuikabidhi, iandikwe kwenye kundi watu wote waione. "Tutasaidiana" si mpango.

Tatu, msigawane vipande mkaishia hapo. Kazi ya viraka inajulikana. Kaeni mara moja, kila mtu aeleze sehemu yake na aulizwe maswali.

Nne, kabla ya kufuta jina la mtu, muulizeni. Mwingine hana bando, mwingine hakuelewa swali na anaona aibu kusema.

Na hili halitaishia chuoni. Sisi wa elimu tunakwenda shuleni, na huko kuna kamati za taaluma, nidhamu na chakula. Mkuu wa shule akisema "nidhamu ni jukumu letu sote", wote mtaitikia kwa kichwa, na Jumatatu geti halina mwalimu wa zamu. Watakaoumia si sisi, ni watoto. Kwa hiyo kwenye kikao cha kwanza, nyoosha mkono uulize: nani hasa, na lini?