Ugonjwa wa Sonona si Uvivu

Mtu aliyezoea kuamka alfajiri kukamua ng'ombe akianza kulala mpaka jua limepanda, majirani husema amekuwa mvivu. Huenda ni mgonjwa. Sonona ni ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, nao hutibiwa.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha sonona. Daktari huuliza: Je, kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na huzuni, au umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Usingizi je? Chakula? Wajiona hufai? Wawaza kufa? Damu akiitaka, anatafuta ugonjwa mwingine unaofanana na huu, kama upungufu wa damu.

Ugonjwa ukiwa mwepesi, mazungumzo na mshauri aliyefundishwa huweza kutosha. Ukiwa mzito, daktari huongeza vidonge, kama fluoksetini. Hapo ndipo wengi hukosea, kwani vidonge hivi si kama vya kichwa. Nafuu huanza baada ya wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, na mtu akishapona huendelea kuvimeza kwa miezi 6 au zaidi. Usiviache bila shauri la daktari. Kutembea na kazi ndogo ndogo husaidia. Kuambiwa "jikaze" hakusaidii.

Enyi watu wa nyumbani, dawa ya kupe na dawa za kunyunyizia mimea zifungieni kwa kufuli, ufunguo ashike mwingine. Kumwuliza mgonjwa kama anafikiri kujiua hakumtii wazo hilo. Akisema ndiyo, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.